Mawinda ya Rukaya

Jumatatu, 5 Januari 1998. Chungu cha tano cha Ramadhani.

Daftari hili nimelitoa dukani kwa mwanangu Badru. Mie Kijakazi sikusoma shule ya watoto. Nilisoma kisomo cha watu wazima kule Delta ya Rufiji, nikafaulu, nikapewa cheti, na mwalimu alisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa katibu wa kijiji. Basi naandika, na asiyependa asisome.

Mvua hii imeanza mwezi wa kumi na haijapumzika. Redioni wameipa jina la kigeni. Nimeletewa habari kwamba shamba langu la mpunga kule Delta limefunikwa lote na kibanda kimekwenda na maji. Kwa hiyo sina pa kurudi. Nipo hapa Bungu, nyumbani kwa Badru, kando ya barabara, na hapa ndipo kwangu mpaka Mungu atakaponihitaji.

Jumatano, 7 Januari

Badru amewahi kurudi kutoka Kariakoo kabla barabara haijaharibika. Kaleta betri za redio, sabuni, belo la mashuka ya mitumba, na maboksi manne ya nepi za karatasi. Kwenye boksi pamechorwa mtoto wa kizungu anacheka. Badru alituonyesha: unamvalisha mtoto, unabandika pembeni, mkojo unanyonywa ndani, ukivua unatupa. Hakuna kufua. Mie nilicheka, kisha nikaona fahari. Katika Bungu nzima nani mwingine anauza kitu hicho?

Mkewe Zamda hakucheka. Huyu Zamda kwao ni ng'ambo ya mto, vilimani juu ya Mohoro, na ana mtoto wa miezi miwili, Rukaya, mjukuu wangu. Alipotoka kujifungua kwao alikuja na kikapu cha mawinda, vitambaa vya kanga kuukuu za mama yake, vimefuliwa mpaka vimelainika. Hayo ndiyo anayomfunga mtoto. Badru kamwambia ayaweke mbali. Zamda akauliza, hizi za karatasi zikiisha itakuwaje. Nikamjibu mie: mwanamke gani anapewa mapumziko akayakataa? Watu wa vilimani wamezoea kujitesa.

9 Januari

Nimeelewa sasa. Kila siku baada ya alasiri Badru anamtaka mtoto aletwe dukani, afunuliwe kanga, wateja waone. Zamda alisema mtoto si kibao cha duka. Badru akamwambia, "Mtoto wa mwenye duka akifungwa winda, nani atanunua boksi?"

Mwanangu ana akili ya biashara. Kairithi kwangu.

13 Januari

Mke wa mwalimu kanunua pakiti. Mke wa afisa wa kata naye. Badru kafuturu akiimba.

Jumamosi, 17 Januari

Barabara imekatika upande wa Dar. Malori yamezama kwenye tope mpaka milangoni, madereva wanalala chini ya maturubai na kununua mihogo kwa wanawake. Hakuna gari linalokuja wala linalokwenda. Badru kasema nepi zilizobaki ni za wateja. Rukaya apewe mbili kwa siku.

Zamda akasema basi arudie mawinda. Badru akakataa, wateja watauliza. Zamda akanitazama mie. Nikaendelea kuchambua mchicha.

19 Januari

Moja kwa siku.

20 Januari

Mvua.

Alhamisi, 22 Januari

Nimepata njia. Nikiamka kupika daku, Zamda bado amelala na mtoto. Nachukua ile nepi ya jana, kama ina mkojo tu haina choo, naitandaza juu ya uchaga wa jiko pale ninapokaushia samaki. Mpaka alfajiri imekauka, imekuwa ngumu kidogo, naisugua mkononi inalegea, naikunja vizuri, naiweka kwenye pakiti pamoja na mpya. Hakuna anayejua. Badru aliniona leo akija kula daku. Akaitazama, akanitazama, akala wali wake.

Hii ndiyo kubana matumizi. Sisi wa Delta hatutupi kitu. Kama mkojo umekauka umekwenda wapi tena? Umekwenda.

24 Januari

Rukaya ana wekundu mapajani. Zamda anasema ni nepi. Nimemwambia ni joto, na kwamba maziwa yake yana uchachu kwa sababu anafunga huku ananyonyesha na wala hakulazimishwa kufunga. Alinyamaza. Akinyamaza huwa namchukia zaidi kuliko akijibu.

Usiku nilimpaka mtoto mafuta ya nazi. Nimezaa watoto saba, nimezika watatu, najua ngozi iliyochomwa na joto na najua ngozi iliyochomwa na mkojo. Nimeandika hivyo na sitaki kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 30 Januari. Idd.

Tumesali chini ya mvua. Rukaya kavalishwa gauni na nepi mpya kabisa, watu wote wakamsifu. Alilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Jumanne, 3 Februari

Nimegundua siri ya Zamda. Badru akishatoka kwenda dukani, anamvua mtoto ile karatasi na kumfunga winda. Anafua kwenye karai nyuma ya choo, na kwa kuwa jua hakuna, anayakausha kwa pasi ya mkaa moja moja mpaka moshi unatoka. Saa ya alasiri anamrudishia karatasi, anampeleka dukani kama alivyoagizwa. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyopiga pasi. Akasema, "Mama, kama utamwambia, mwambie." Sikumwambia Badru. Sikumsaidia Zamda pia. Nilirudi kulala.

Wekundu umepungua. Hata hivyo asubuhi niliweka nyingine uchagani. Ni kazi niliyokwisha kuianza.

6 Februari

Badru kanusa harufu ya pasi kwenye nguo. Kakitafuta kikapu, kakipata chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Alikwenda nacho dukani, na mawinda yote akayafanya ya kufutia pampu ya mafuta ya taa.

Zamda alikuja kwangu. Alisema nimwambie mwanangu neno moja tu, maana ananisikia. Nilimwambia mambo ya mume na mke mie siyaingilii. Uongo mtupu. Siku zote nayaingilia.

Nilikuwa nafikiri hivi: nikimpinga Badru ataniambia nirudi Delta, na Delta nitarudi wapi, juu ya maji?

8 Februari

Wekundu umerudi.

Jumatano, 11 Februari

Tumekwenda zahanati mie na Zamda, matope mpaka magotini. Muuguzi alimfunua mtoto akavuta pumzi. Malengelenge yamepasuka. Kaandika dawa ya kupaka, ambayo haipo mpaka barabara ifunguke, na katoa amri: karatasi iachwe leo hii, mtoto afungwe kitambaa cha pamba, kibadilishwe kila akikojoa, kichemshwe. Akauliza nani anamvalisha nepi moja kutwa nzima. Zamda akatazama chini. Hakumtaja mtu.

Nilidhani atanitaja. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu, nikarudi nayo.

Badru kaambiwa. Kasema muuguzi hajui hali ya duka, na kwamba barabara itafunguka wiki hii kwa vyovyote, tuisubiri. Kaongeza kwamba nyumba yenye kamba ya mawinda mbele yake hakuna anayeingia kununua kitu cha kisasa. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni nikaona mdomo wa baba yake, yule aliyekuwa akisema mashua itaelea wakati maji yako kiunoni.

Jumamosi, 14 Februari

Nitaandika yote, hata yanayonihusu.

Rukaya aliamka na homa. Zamda alipomvua, karatasi ilitoka na ngozi. Kinena chote kibichi kama samaki aliyeparuliwa. Hakulia. Alikuwa anatoa kisauti kidogo tu, anakata, anatoa tena.

Zamda akasema anataka kitambaa. Hakuniambia mie, alisema tu chumbani. Kitambaa kilikuwa wapi? Mawinda yake yananuka mafuta ya taa. Kanga zake zote ziko kambani mbichi siku ya tatu. Zangu ni za nailoni, zawadi za Badru, maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba. Lakini chumbani mwangu, kwa sababu stoo inavuja, limekaa lile belo la mashuka ya mitumba. Nimelala nalo tangu Januari, pua yangu imejaa harufu ya dawa yake. Pamba tupu, mashuka ya Ulaya.

Nilichukua kisu cha samaki nikakata mikanda. Belo lilipumua. Nikavuta shuka la kwanza, jeupe lenye mistari ya buluu, nikalichana. Sauti ya kuchana ilimleta Badru kutoka dukani akikimbia.

Akasema, "Mama, hilo si langu peke yangu. Nimechanga na mtu wa Kariakoo."

Nikamwambia, "Na huyu umechanga na nani?"

Akashika upande mmoja wa shuka, mie nikashika wa pili. Mie mwanamke wa miaka sitini na kitu navutana shuka na mtoto niliyemzaa. Nilimwambia mengi. Nilimwambia muuguzi alisema nini na yeye alijibu nini. Nilimwambia hana haya, mtoto wake amemfanya picha ya boksi. Nilimwambia mke wake ana akili kuliko yeye, na hapo ndipo alipoachia shuka nikaanguka nalo kitandani.

Alimgeukia Zamda. Akasema polepole, "Unamwona huyu anayekutetea? Muulize nani alikuwa anakausha nepi zilizotumika juu ya jiko anakurudishia kwenye pakiti. Mie sikumtuma."

Ni kweli. Hakunituma.

Zamda alinitazama. Mtoto mkononi, uchi, moto kama jungu. Akaniuliza neno moja.

"Tangu lini?"

Nikasema, "Tangu kabla ya Idd."

Nilitegemea atapiga ukunga. Nilitegemea ataniita mchawi, ndivyo ningesema mie. Alinyoosha mkono akachukua kile kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu, akakikunja pembe tatu, akamfunga mtoto mwenyewe. Nilitaka kushika fundo. Akageuka, nikauona mgongo wake.

Badru alikuwa amekwisha rudi dukani. Kulikuwa na mteja wa sabuni.

15 Februari

Nimechana mashuka matatu. Yametoka mawinda thelathini na sita. Nimechemsha maji, nimemkanda mtoto kwa maji ya chumvi kidogo, yaani nimechemsha mie, kakanda Zamda.

Jumatatu, 16 Februari

Jua hakuna. Mahali pakavu penye upepo ni baraza ya duka tu. Nimefunga kamba mbele ya duka, toka nguzo hadi nguzo, nikaanika. Badru kaikata. Nimeifunga. Kaikata tena mbele ya madereva wa malori. Dereva mmoja akamwambia, mwachie bibi wa watu. Nimeifunga mara ya tatu na kukaa chini yake kwenye kibao, kisu cha samaki mapajani. Hakuikata.

18 Februari

Homa imeshuka. Alhamdulillah.

Ijumaa, 20 Februari

Kimetokea kitu cha kuniudhi kuliko vyote. Mke wa mwalimu kaja barazani. Nepi zake zimeisha, mtoto ana wekundu, kaona mawinda yangu kambani, kanyanyua moja, kalisugua shavuni. Kauliza linauzwa? Kabla sijafungua mdomo, Badru katoka nyuma ya meza na tabasamu lake lote. Kasema ndiyo, Mama Mwalimu, ni pamba halisi ya Ulaya, tunakata kwa vipimo.

Mpaka magharibi walikuja wanne. Mwanangu kakaa na mkasi na rula anachana lile lile belo alilotaka kuniulia. Nilimsikia kwa masikio haya akimwambia mwanamke wa mwisho, "Mwanangu mwenyewe anavaa hizi."

24 Februari

Kabandika karatasi mlangoni: NEPI ZA KITAMBAA, SALAMA KWA NGOZI YA MTOTO. Mwandiko wake mbaya. Boksi lenye mtoto wa kizungu liko pale pale rafuni. Nalo bado linauzwa, kwa atakayetaka.

Ijumaa, 27 Februari

Badru kaja ndani jioni, mpole, kamwambia Zamda sasa yameisha, winda amelikubali, basi kesho mtoto aletwe dukani amefungwa jipya, wateja waone.

Zamda alikuwa anasuka ukili. Hakuinua kichwa. Alisema mtoto haji. Badru akacheka, akauliza anataka nini tena, si alitaka vitambaa? Zamda akasema, "Unauza usichokijua. Fua siku saba. Toka mavi mpaka kambani. Kisha uniombe."

Badru akanitazama mie. Januari ningesimama nimwulize Zamda amezaliwa wapi, mwanangu afue mavi nyumba hii ina wanawake wawili. Niliinua mchicha wangu nikatoka kwenda kuangalia jiko.

1 Machi

Kagoma.

3 Machi

Duka bila mtoto linauza vile vile. Lakini usiku nilimsikia Badru anamwomba mkewe amwachie amshike mtoto, na Zamda akimwambia mikono yake ina mafuta ya taa.

Alhamisi, 5 Machi

Kaanza. Nyuma ya choo, kafunga mlango wa ua kwa komeo asionwe, kakunja suruali. Hajui chochote. Alitia sabuni juu ya choo bila kukung'uta kwanza, karai zima likawa uji. Nilimpelekea maji ya pipa, nikamwonyesha: kung'uta, suuza, loweka, sabuni, chemsha, suuza tena mpaka utelezi uishe, maana sabuni ikibaki inachoma kama mkojo. Alitapika kidogo. Mwanaume mzima anayeuza mitumba ya maiti wa Ulaya.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya nne. Alinifuata jikoni na winda mkononi limelowa, lina doa la damu. Akaniuliza hiyo damu ni ya zamani? Nikamwambia zamani vipi, Zamda kalivua asubuhi hii. Akasema lakini ni wiki tatu sasa. Nikasema ndiyo, ni wiki tatu.

Alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alikaa sana. Mteja aliita hodi dukani, akaita tena, akaondoka. Kisha alirudi kwenye karai. Mlango wa ua hakuufunga.

12 Machi

Siku saba zimetimia jana. Leo kafua tena. Hajamwomba Zamda mtoto aje dukani. Maboksi ya karatasi kayatoa rafuni kayasukuma chini ya meza. Kuchoma hajachoma, yule ni mfanyabiashara.

20 Machi

Gari la kwanza limepita toka Dar.

Jumanne, 7 Aprili. Idd ya kuchinja.

Ngozi ya Rukaya imeziba yote. Imebaki na mabaka meupe mapajani. Muuguzi anasema yatafifia akikua, au hayatafifia. Anacheka sana, ana miezi mitano. Badru anamfunga winda vizuri kuliko wanawake wengi, pembe tatu, fundo pembeni. Anamwita mkewe Mama Rukaya kwa sauti ya adabu.

Kwa hiyo kila mtu katika nyumba hii kasamehewa. Badru kasamehewa, nimeona kwa macho. Wanacheka chumbani.

Mie Zamda ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Chakula changu kinakuja kwanza na kitoweo kizuri kiko juu. Maji ya kuoga ananitilia moto bila kuambiwa. Akina mama wa jirani wanasema nina bahati ya mkwe. Hajapandisha sauti hata mara moja. Lakini tangu tarehe kumi na nne ya Februari sijamfunga mtoto winda. Nikinyoosha mkono, mtoto ana usingizi. Nikinyoosha tena, amekwisha badilishwa. Akienda kisimani anakwenda naye mgongoni, ndoo kichwani, kuliko kumwacha na mie.

Niliwahi kufikiri huyu mwanamke hana maneno. Kumbe alikuwa nayo.

19 Aprili

Nilimwambia leo. Tulikuwa peke yetu tunapeta mchele. Nilimwambia mie ni mtu mzima, nilikosea, sikujua kwamba mkojo ukikauka kwenye karatasi unabaki mle mle.

Zamda akaendelea kupeta. Akapuliza makapi. Akasema, "Mama, ulikuwa unajua."

Jumapili, 26 Aprili

Kivuko kinafanya kazi tena. Zamda kaenda kwao kusaidia mavuno mpaka mwezi wa sita, na Rukaya. Badru kawatafutia gari, kabeba mzigo mwenyewe barabarani mchana kweupe: mawinda ishirini na nne, yamepigwa pasi, na karai lake.

Kabla hawajaondoka mtoto alijikojolea. Gari lilikuwa linapiga honi. Zamda alikuwa anafunga mkeka, mikono yote miwili ina kazi, mtoto amelazwa kitandani kwangu amefunguliwa. Winda kavu lilikuwa hapo hapo. Nikalichukua, nikalikunja, nikamwambia niachie hili moja, mwanangu, gari lisikuache.

Aliuacha mkeka ukakunjuka chini. Alikuja akalichukua winda mkononi mwangu, kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Umechoka, Mama," akasema. "Pumzika."

Sikuwa nimechoka.